Seli Nyeupe za Damu na Ukinzani wa Insulini

Swali la kuanzia. Chukulia kwamba bibi yako wa Kwaluguru amepimwa na kukutwa na sukari nyingi kwenye damu, ingawa kongosho lake bado linatoa insulini. Insulini ipo, kwa nini haifanyi kazi?

1. Kazi ya insulini
Insulini ni homoni. Inaposhika vipokezi vya seli za misuli na mafuta, seli hizo hupokea glukosi kutoka kwenye damu. Seli zisipoitikia vizuri, hali hiyo huitwa ukinzani wa insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Likishindwa kumudu, kisukari cha aina ya pili huanza.

2. Seli nyeupe zinaingiaje?
Makrofaji ni seli nyeupe zinazomeza vijidudu na seli zilizokufa. Mtu akinenepa kupita kiasi, makrofaji hujaa kwenye tishu zake za mafuta na kubadili namna ya kupata nishati:

(a) Makrofaji tulivu hutegemea zaidi mitokondria na oksijeni.
(b) Makrofaji iliyochochewa hutegemea zaidi glaikolisisi, ambayo huzalisha ATP 2 tu kwa kila molekuli ya glukosi, lakini kwa haraka.

Makrofaji zilizochochewa hutoa protini kama TNF, ambayo huvuruga ujumbe wa insulini ndani ya seli za jirani. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha uhusiano wa TNF na ukinzani wa insulini kwa panya wanene.

3. Ushahidi wa nyumbani
Kutoka Korogwe, barabara kuu inaelekea Moshi. Huko mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulihusisha wanaume 77 wenye afya. Baadhi ya wa vijijini walikula vyakula vya kizungu kwa wiki mbili. Baadhi ya wa mjini walirudia vyakula vya asili kama ndizi, maharage na mboga za majani. Kwa kundi la kwanza, dalili za uchochezi kwenye damu ziliongezeka na seli za kinga zikaitikia vijidudu kwa udhaifu. Kwa kundi la pili, uchochezi ulipungua.

Angalia! Utafiti huu haukuthibitisha kwamba wiki mbili za chipsi huleta kisukari. Umeonyesha kwamba seli za kinga hubadilika upesi chakula kinapobadilika. Usiandike zaidi ya ushahidi.

Zoezi
1. Taja tofauti moja kati ya makrofaji tulivu na iliyochochewa. (alama 2)
2. Eleza jinsi TNF inavyochangia sukari kupanda. (alama 3)
3. Jirani anamshauri bibi aache dawa, ale kunde na mlenda tu. Toa maoni yako. (alama 3)

Dokezo la swali la 3: Chakula hicho kina nyuzinyuzi na kinafaa, lakini hakichukui nafasi ya dawa. Bibi asiache dawa bila ushauri wa daktari, na aendelee kupima sukari.