Mlima unakuwa mdogo kwenye picha zangu

*Naishi Moshi na napenda kuupiga picha Mlima Kilimanjaro kwa simu. Kwa macho ni mkubwa ajabu, lakini pichani unaonekana kama kichuguu. Je, ninunue kamera? – Msomaji, Moshi*

Jibu: Usinunue kwanza. Hali hii huwapata karibu wote wanaoanza. Jicho huuchagua mlima na kusahau mengine, lakini lenzi ya kawaida ya simu ni pana: hukusanya kila kitu, na kilicho mbali kikanywea.

Anza kwa kuwasha mistari ya gridi kwenye mipangilio ya kamera. Weka upeo wa macho kwenye mstari wa chini au wa juu, si katikati, na kilele karibu na mahali mistari inapokutana.

Kisha tafuta kitu cha mbele, kama mgomba au njia ya shambani, ili mtazamaji apate kipimo. Simu ikiwa na lenzi ya kuvuta, itumie huku ukirudi nyuma: mgomba utapungua, mlima utabaki na ukubwa wake.

Toka alfajiri. Mwanga wa pembeni huonyesha mabonde, na baadaye mawingu mara nyingi hukifunika kilele cha Kibo.

Picha zikibaki na ukungu hata baada ya kufuta lenzi na kutuliza mkono, mwone fundi simu. Ukijaribu mwezi mzima bila kuridhika, mwonyeshe mpiga picha mzoefu picha zako kumi, akuelekeze moja moja. Jicho lako tayari limeuona uzuri; lililobaki ni mazoezi.