FEDHA YA MAPAMBO: ASILI YAKE, MIZANI YAKE NA KUITUNZA

  

Ewe ndugu msomaji, katika masanduku ya majumba yetu ya pwani kuna vitu ambavyo watu wengi huviona ni vya wanawake tu: kekee, mitali, mafurungu, mikufu na vikuku vya fedha. Mume havijui uzani wake, na mtoto hajui vilitoka wapi. Siku ya kufa mtu, au siku ya kwenda kwa sonara, ndipo ujinga huo unapozaa dhuluma, na mara nyingine riba. Basi tumeandika somo hili ili ijulikane ya kuwa pambo la fedha ni mali yenye mizani, na mwenye kuiacha mizani hasalimiki.

ASILI YAKE

Lugha yetu yenyewe yatosha kuwa shahidi, kwani neno fedha kwetu ni madini meupe, na ni hilo hilo tulitumialo kwa pesa zote. Wazee wetu hawakutenga baina ya pambo na akiba. Sarafu iliyokuwa mashuhuri katika bahari yetu, kutoka Oman na Yemen mpaka Unguja na Lamu, ni riale ya Shamu, yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, lakini wafanya biashara wa nchi za Kiarabu na Habeshi walikuwa wameizoea sarafu yake. Kwa hiyo ikaendelea kupigwa baada ya kufa kwake, na tarehe iliyoandikwa juu yake ikabaki 1780. Ilipigwa Vienna, kisha katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma, London na Bombay.

Sababu ya kuaminiwa kwake ni mizani. Kila riale ina uzani wa gramu 28 na chembe, na katika kila sehemu 1000 zake, sehemu 833 ni fedha safi, na zilizobaki ni shaba. Yaani fedha safi ndani ya riale moja ni kama gramu 23.4. Mafundi wa Nizwa na wa miji mingine ya Oman waliziyeyusha riale hizo wakafanya vikuku vya wanawake na mapambo ya majambia, na masonara wa pwani yetu wakafanya vivyo hivyo. Mtu alikwenda na riale zake, akarudi na mtali. Na siku ya shida mtali ukarudi kuwa pesa.

Na jua ya kuwa fedha safi ni laini, hupindika upesi, ndiyo maana hutiwa shaba. Kipimo kilicho mashuhuri leo ni sehemu 925 katika 1000. Kipimo hicho ni cha zamani huko Uingereza, na mwaka 1300 mfalme wao aliamuru vyombo vya fedha vipimwe kwacho na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Kwa hiyo ukiona chapa ya 925, au 800, maana yake ni hiyo. Lakini chapa si yamini. Mwongo naye aweza kuipiga.

Jihadhari pia na kitu kinachoitwa fedha ya Kijerumani. Hicho ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, wala hamna ndani yake hata chembe ya fedha. Wengine hujaribu kwa sumaku, wakadhani kila kisichovutwa na sumaku ni fedha. Hilo ni kosa, kwani hata mchanganyiko huo hauvutwi kwa kawaida. Kilicho bora ni kumwendea sonara mwaminifu, asiyekuwa ndiye muuzaji, akupimie.

HUKUMU YAKE KWA WANAUME

Mwanamume ameharimishwa kuvaa dhahabu, na amehalalishiwa pete ya fedha. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa ya kuwa wao hawasomi barua isiyokuwa na muhuri, akafanya pete ya fedha iliyonakishiwa jina lake na Utume wake. Baada yake ilivaliwa na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman, mpaka ikamwanguka katika kisima cha Aris huko Madina, ikatafutwa isionekane. Vile vile wanavyuoni wa Kishafii wamejuzisha kupamba kwa fedha silaha ya mwanamume, kama upanga. Ama kula na kunywa katika vyombo vya fedha, hilo ni haramu kwa wanaume na wanawake pia.

RIBA ILIYOJIFICHA DUKANI

Sasa fikiria mambo yanayotendeka kila siku. Mtu huchukua kekee kuukuu ya gramu 200, akampa sonara, akapokea mpya ya gramu 150, na wote wawili wakaridhika kwa kuwa mpya ina kazi nzuri. Hiyo ni riba kwa kauli ya jamhuri ya wanavyuoni. Fedha kwa fedha sharti ilingane uzani, na itolewe mkono kwa mkono. Na uzuri wa kazi hauhesabiwi katika mizani hiyo. Hata uzani ukilingana, salama haijapatikana, kwani moja huenda ikawa ya sehemu 833 na nyingine ya 925, na fedha safi iliyo ndani haikulingana.

Katika Hadithi aliyoipokea Muslim, sahaba Fadhala bin Ubaid alinunua siku ya Khaibar mkufu wenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipovitenga akaona dhahabu yake yazidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) akakataza usiuzwe mpaka vitengwe. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa dhahabu na shanga, basi na fedha yenye kito au shaba ndani yake yataka hadhari ile ile.

Njia ya kuokoka ni nyepesi. Uza kekee yako kwa shilingi, uzipokee mkononi. Biashara ya kwanza ikiisha, nunua utakacho kwa shilingi, ulipe papo hapo. Au mpe sonara fedha yako mwenyewe aiyeyushe aitengeneze upya, nawe umlipe ujira wa mkono wake. Hapo hakuna kuuziana fedha, bali ni kazi na ujira. Ama kununua pambo la fedha kwa deni, jua ya kuwa mwaka 1986 baraza la wanavyuoni wa fiqhi lililokutana Amman liliamua ya kuwa pesa za karatasi zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Kwa hiyo usichukue leo ukalipa mwisho wa mwezi.

ZAKA NA MIRATHI

Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, nazo kwa hesabu iliyo mashuhuri ni gramu 595 za fedha safi. Ukiwa na riale za Shamu, 26 zafikia nisabu. Ikiwa ni fedha ya 925, ni kama gramu 643. Mwaka wa Kiislamu ukipita, hutolewa robo ya ushuri, yaani moja katika 40. Katika madhehebu yetu ya Shafii, pambo la halali linalovaliwa na mwanamke bila ya israfu halina zaka. Lakini lililowekwa kuwa akiba lina zaka. Na Mahanafi hutoa zaka katika yote.

Na mapambo ya mke ni mali yake, yakiwa ni mahari au ni zawadi aliyopewa. Mume hana ruhusa ya kuyaweka rehani wala kuyauza pasi na ridhaa yake, hata akisema kuwa ni yeye aliyeyanunua. Akifa mama, wako ndugu wanaoyachukua kwa siri, na wako wanaosema haya ni ya mabinti peke yao kwa kuwa ni vitu vya kike. Wote hao wamekosea. Baada ya madeni na wasia, kila gramu ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Yapimwe mbele yao na yaandikwe, hasa akiwapo yatima.

KUITUNZA

Weusi wa fedha si kutu kama ya chuma. Hutokana na kiberiti kilichomo hewani, ambacho hutoka katika mayai, katika makaro, katika mpira na katika sufi. Kwa hiyo usiifunge kwa mpira wala usiihifadhi katika kitambaa cha sufi. Iweke katika pamba safi, ndani ya kisanduku kikavu kilichofungwa vizuri. Chumvi nayo huila, basi ukitoka baharini ioshe kwa maji baridi, uipanguse. Inayovaliwa kila siku haiwi nyeusi upesi, kwani nguo na ngozi huisugua.

Kwa kuisafisha, tumia maji ya vuguvugu na sabuni, na kitambaa laini. Acha mchanga na majivu, kwani kila usuguapo kwavyo waondoa fedha yenyewe, na mali hupungua. Weusi ukizidi, iweke katika sufuria ya alumini pamoja na maji ya moto na magadi kidogo, ikiigusa sufuria. Kiberiti kitatoka katika fedha kishike alumini, na fedha itabaki. Lakini usifanye hivyo kwa pambo lenye kito, wala kwa lenye nakshi ambayo fundi aliacha weusi ndani yake makusudi ili ionekane.

Basi ndugu yangu, fungua sanduku leo, wakati wenye mali wangali hai. Pima, andika uzani na jina la mwenyewe, kisha funga. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao mizani, wala asitujaalie katika wale waliotajwa mwanzo wa Sura ya Al-Mutaffifin. Wabillahi taufiq.