Silaha za Mtume Paulo

Somo: 2 Wakorintho 10 hadi 13

Someni kwanza sura hizo nne, kisha tufuatane, Biblia ikiwa wazi mbele yenu.

Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18). Alipoondoka, walikuja wahubiri wengine wenye kujisifu. Watu wakaanza kumcheka Paulo: eti akiwa mbali ni mkali kwa barua, lakini akiwapo hana uzito wowote.

Kumbe hiyo ilikuwa vita. Adui ni nani? Tazameni 10:4–5. Ngome anazotaka kuzibomoa si watu; ni mawazo ya kiburi yanayomzuia mtu asimjue Mungu. Tena katika 11:14 anaonya kwamba Shetani naye hujigeuza afanane na malaika wa nuru. Basi utamu wa sauti si kipimo.

Mamlaka ya kweli hupimwaje? Kwanza, kwa kujenga. Paulo asema mara mbili (10:8 na 13:10) kwamba Bwana alimpa mamlaka ili ajenge, wala si abomoe. Pili, kwa kuvumilia. Alipolazimishwa kujisifu, ukoo wake aliutaja kwa ufupi tu. Akaendelea kuhesabu mapigo, njaa, kushushwa ukutani ndani ya kapu huko Dameski, na mwiba ambao hakuondolewa.

Zamani, katika mtaa mwingine, nililetewa barua ya kumshitaki kasisi wetu juu ya fedha. Haikuwa na ushahidi. Nilitia sahihi kwa sababu walioileta walijua kusali. Kasisi akahamishwa. Baadaye vitabu vya hesabu vilipokaguliwa, havikupungua hata senti. Nilisafiri kwenda kumwomba radhi. Alinipokea, akanitilia chai kwa mkono wake. Ndipo nilipoijua mamlaka niliyokuwa nimeikataa.

Je, kasisi akikosa anyamaziwe? La. Aambiwe, lakini kwa mashahidi wawili au watatu (13:1), na kila mmoja ajipime nafsi yake kwanza (13:5).

Maswali ya kujadiliana
1. Ni mawazo gani yamekuwa ngome katika mtaa wetu?
2. Neno nililolisema juu ya kiongozi juma hili, limejenga au limebomoa?
3. Yuko nani ambaye yanipasa kwenda kumwomba radhi?