Mwenye Nguvu Asipopishwa

Wahenga walinena, mwenye nguvu mpishe. Likizoni mimi sikupisha.

Gran Turismo, mchezo wa video uliotoka Japani mwaka 1997, una jaribio la mita 400 moja kwa moja. Tulishindania soda. Rafiki yangu aliongeza nguvu za injini tu. Magurudumu yakazunguka pale pale kama trekta matopeni huku Kwanza. Mimi nilipunguza uzito, nikaweka tairi zinazoshika barabara na gia fupi.

Gia fupi ni nini? Tazama baisikeli. Meno 48 mbele, 16 nyuma: ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu huzunguka mara 3. Weka 24 nyuma, litazunguka mara 2 tu, lakini litasukuma kwa nguvu zaidi. Utaondoka upesi.

Ila usizidishe, gia zitaisha kabla ya mstari. Soda nilikunywa mimi!