Mtoto wa Jinsia Mbili: Uliza Kabla ya Kutia Sahihi

Ndugu msomaji, hasa wewe wa hapa Mount Dennis unayetarajia mtoto, somo la leo ni zito lakini lina faida. Wapo watoto wanaozaliwa na maumbile yasiyoonyesha wazi kama ni wa kike au wa kiume. Kwetu huitwa huntha, au watu wa jinsia mbili. Si laana wala kosa la mama. Husababishwa na kromosomu au homoni mtoto akiwa bado tumboni.

Zamani madaktari wengi wa Amerika ya Kaskazini walitumia rula: kiungo kikiwa kifupi, mtoto alifanywa msichana, kwa kuwa upasuaji huo ulikuwa rahisi zaidi. Nyumbani nako wazee wengi hupendelea mvulana. Kote huko mtoto hakuulizwa.

Kule Nairobi, mtoto aliyezaliwa mwaka 2009 aliandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia. Mama yake alikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaitaka serikali iandae miongozo. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inawatambua watoto hawa na kuwawekea kinga dhidi ya upasuaji wa ovyo.

Hapa Canada, kifungu cha 268 cha sheria ya jinai kinakataza ukeketaji tangu 1997, lakini kinamruhusu daktari kufanya upasuaji ili maumbile yaonekane ya kawaida. Kwa hiyo sahihi yako wewe mzazi ina uzito mkubwa.

Yapo matibabu yasiyongoja. Tezi za juu ya figo zikiwa na kasoro, mwili unaweza kupoteza chumvi. Mtoto hutapika, hulegea, na anaweza kufa katika wiki za mwanzo. Huyo apewe dawa haraka. Vilevile mtoto asiyeweza kukojoa.

Kwa upasuaji mwingine, uliza:

1. Je, tukingoja, afya yake itadhurika?
2. Ni kwa ajili ya afya au mwonekano?
3. Je, atapoteza uzazi au hisia?
4. Je, anaweza kuamua mwenyewe akikua?

Omba mkalimani wa hospitali; usimtumie mtoto wako mkubwa kutafsiri mambo haya.

Kumbuka: kumpa mtoto jina na kumlea kama msichana au mvulana hakuhitaji kisu. Jina hubadilishwa, kilichokatwa hakirudi.