Kufundisha Matumizi ya Kamba kwa Ziara za Mapangoni

Wanachuo wanaokwenda kuyaona mapango ya Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, hawahitaji zaidi ya viatu na taa. Lakini hawakosekani wenye hamu ya kushuka katika mashimo ya wima, na hapo kamba haiepukiki. Tuliona heri tuwafundishe kuliko kuwaacha wajaribu wenyewe gizani.

Tulianza na kamba yenyewe. Aliyekulia Tanga huidhania katani kuwa yatosha kwa kila kazi. Hatukumbishia kwa maneno. Tulimpa kamba ya katani iliyolala unyevuni, tukamwambia aisokotoe. Nje ilikuwa nzima, ndani imeoza. Nailoni haiozi kwa maji, tena huvutika kidogo inapopokea uzito. Adui zake ni jua, tindikali ya betri na msuguano: ukingo mkali wa jiwe la chokaa huila kamba iliyobeba mtu, na nailoni ikisuguana na nailoni huyeyuka. Hivyo penye ukingo hutandikwa gunia.

Fundo tulilichagua moja tu, la umbo la nane, kwani mafundo mawili yasiyojulikana vyema ni hatari kuliko moja linalojulikana. Mwanachuo hufunga nane kwenye kamba moja, huipitisha ncha katika shina la mti, kisha huirudisha akiifuata njia ile ile hadi kila uzi uwe na mwenzake ubavuni. Ncha inayobaki isipungue mara 10 ya unene wa kamba. Akifaulu mara tatu, hufungwa kitambaa machoni. Wengi waliofunga vizuri mchana walikosea hapa, mpaka walipojifunza kuzihesabu nyuzi kwa vidole, mbili mbili.

Kosa kubwa lilikuwa letu sisi wakufunzi. Katika zoezi la kwanza tulitundika kamba mwembeni, tukapima urefu kwa macho. Kamba haikufika chini, na ncha yake haikuwa na fundo. Mwanachuo alishuka akiitazama mikono yake. Mwenziwe alipopiga kelele, ulikuwa umebaki mkono mmoja wa kamba. Tulimshusha kwa ngazi. Fundo nene nchani lingekwama katika kifaa cha kushukia na kumzuia.

Tangu hapo somo huanzia mwisho wa kamba: ncha hufungwa kwanza, ndipo kamba itupwe shimoni. Na kila ashukaye huchukua vitanzi viwili vya kamba nyembamba, vya namna aliyoieneza Karl Prusik wa Austria mwaka 1931. Kitanzi huzungushwa mara tatu kwenye kamba kuu. Kisipobeba uzito huteleza, kikibeba hung'ang'ania, na kwa hivyo mtu aweza kupanda tena.

Katika mtihani wa vitendo, asiyeifunga ncha ya chini hupata sifuri, hata fundo lake la juu likiwa zuri namna gani. Wapo waliolalamika, alama hatujazibadili.