Yajue Matundu ya Nyuma ya Spika

Mwaka jana, siku ya kumkumbuka mwenzetu wa mwaka wa tatu aliyefariki, mimi ndiye niliyekaa kwenye mitambo. Sikuwa fundi wa kusomea. Nilikuwa tu yule mtu ambaye kila shughuli ya bweni ikifika huambiwa, "Wewe unajua mambo ya nyaya, njoo." Tulikuwa na spika moja kubwa, zile ambazo amplifaya yake imo humo humo ndani, maiki moja, na simu ya kijana aliyekuwa akikaa chumba kimoja na marehemu. Kwenye simu hiyo kulikuwa na ujumbe wa sauti, kama dakika moja hivi, marehemu akiwatania wenzake kuhusu zamu ya kupika. Mama yake alikuwa amesafiri kutoka Sumbawanga. Kijana akamwambia, "Mama, leo utamsikia."

Maiki ilifanya kazi vizuri. Muziki wa kusubiria watu, ambao ulitoka kwenye simu ile ile, nao ulisikika, ila mwimbaji alikuwa mbali kama anaimba ndani ya kisima. Nikailaumu spika. Kisha ukafika wakati wa ujumbe. Kwenye kioo cha simu mstari unasogea, kwenye spika kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, ukatoka mvumo tu. Mwongoza shughuli akasubiri, akakohoa, akasema tuendelee na ratiba. Mama aliusikiliza ujumbe ule kesho yake stendi, simu ikiwa sikioni, mabasi yakipiga honi.

Nilidhani faili limeharibika. Kumbe faili lilikuwa zima na spika ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye tundu nililolichagua. Naandika somo hili ili wewe utakayeitwa kesho kwenye mahafali, mdahalo au ibada, usirudie nilichofanya.

Ndani ya boksi kuna nini

Spika ya aina hii ina kazi tatu ndani yake. Ya kwanza ni sehemu ya kupokea sauti, yaani yale matundu na vitufe vya nyuma. Ya pili ni sehemu ya kugawa sauti, nzito ziende kwenye spika kubwa na nyembamba ziende kwenye ile ndogo ya juu. Ya tatu ni amplifaya yenyewe. Katika spika nyingi zinakuwa mbili, kila moja na spika yake.

Jambo la kushika ni hili: amplifaya haijui umechomeka nini. Yenyewe inasubiri umeme wa kiwango fulani, iukuze, basi. Kazi ya kuchukua maiki, simu, mikseri na gitaa na kuvileta vyote kwenye kiwango hicho ni ya ile sehemu ya kupokea. Ukiidanganya pale mwanzoni, huko mbele hakuna wa kukurekebishia.

Maiki na laini

Maiki ya kawaida ya kushika mkononi hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu. Mikseri ya kitaalamu hutoa karibu volti 1.23 kwa kiwango chake cha kawaida. Deki na vifaa vya nyumbani vimepangwa kwenye karibu volti 0.3. Tukichukua maiki inayotoa milivolti 2, mikseri inaizidi zaidi ya mara 600.

Ndiyo maana nyuma ya spika kuna kitufe kilichoandikwa MIC na LINE. Ukiweka MIC, kikuzaji cha awali kinaongeza nguvu mamia ya mara kabla sauti haijafika kwenye amplifaya. Ukichomeka mikseri hapo, sauti inakwaruza hata ukipunguza, kwa sababu imeshaharibika kabla ya kufika kwenye amplifaya. Ukifanya kinyume, maiki kwenye LINE, utapata mnong'ono, na mhutubiaji ataambiwa "paza sauti!" wakati kosa si lake.

Gitaa lisilo na betri lina shida nyingine. Linahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1. Tundu la laini mara nyingi lina kiloomu 10 hadi 20 tu, hivyo gitaa linafifia na kupoteza ung'avu wake. Tafuta tundu lenye alama ya gitaa au kitufe cha HI-Z.

Na onyo moja la kuokoa hela za watu: usichukue waya unaotoka kwenye amplifaya nyingine kwenda kwenye spika ukauchomeka hapa. Amplifaya inayotoa wati 100 kwenye spika ya omu 8 inasukuma volti 28 hivi. Tundu linalongoja volti 1 linaweza kuungua.

Waya wenye njia tatu

Sasa tufike kwenye kosa langu. Waya wa maiki wa XLR una pini tatu. Pini 1 ni ethi. Pini 2 inabeba sauti kama ilivyo. Pini 3 inabeba sauti hiyo hiyo iliyogeuzwa kichwa chini. Spika inapopokea, inatoa: pini 2 kutoa pini 3.

Kwa nini tusumbuke hivyo? Tuseme pini 2 ina +1 na pini 3 ina -1. Njiani waya umepita karibu na nyaya za umeme ukaokota mvumo wa 0.2 kwenye njia zote mbili. Sasa pini 2 ina 1.2, pini 3 ina -0.8. Toa: 1.2 - (-0.8) = 2. Sauti imebaki nzima, mvumo umekwisha. Ndiyo maana waya wa maiki unaweza kuvuka ukumbi mzima bila kelele.

Katikati ya tundu lile la XLR mara nyingi kuna tundu jingine la pini nene ya milimita 6.35. Nalo hufanya hesabu ile ile: ncha ya pini ni sauti, pete ya katikati ni sauti iliyogeuzwa, shina ni ethi.

Mimi nilichukua waya wa simu wenye pini ndogo upande mmoja na pini nene upande wa pili, nikachomeka hapo. Uliingia vizuri kabisa, kama umetengenezewa. Lakini simu haitumi sauti na sauti iliyogeuzwa. Kwenye ncha inatuma upande wa kushoto, kwenye pete upande wa kulia. Spika ikafanya inachojua: kushoto kutoa kulia.

Kwenye muziki, ala nyingi haziko sawa pande zote mbili, kwa hiyo zilibaki. Mwimbaji huwekwa katikati, sawa kushoto na kulia, kwa hiyo alifutika na kubaki mwangwi wake. Ujumbe wa sauti ni upande mmoja tu unaorudiwa pande zote mbili: 0.3 kutoa 0.3 ni sifuri. Ndicho kimya tulichokisikia.

Ufanye nini

Tumia waya wenye matawi mawili: pini ndogo ya simu upande mmoja, pini mbili nene zisizo na pete upande wa pili. Chomeka kila tawi kwenye tundu lake. Ukiwa na tundu moja tu, chomeka tawi moja. Kwa ujumbe wa mtu anayeongea linatosha.

Spika ikiwa na yale matundu mekundu na meupe kama ya deki, hayo ndiyo ya simu. Yameandaliwa kupokea kushoto na kulia na kuzijumlisha.

Usijaribu kurekebisha kwa kuiweka simu kwenye mpangilio wa mono. Pande zote zitakuwa sawa, na kwenye tundu lile hata muziki utafutika.

Ukikwama kabisa mbele ya watu, chomoa waya, weka maiki mbele ya spika ya simu. Si nzuri, lakini inasikika. Siku ile wazo hili halikunijia.

Mwisho, fika mapema na ujaribu kitu kile kile kitakachochezwa, sio wimbo wowote ulio karibu. Na ukisikia mwimbaji yuko kisimani, simama hapo hapo, kagua tundu. Nami siku hizi natembea na waya wa matawi mawili kwenye begi. Ukiuhitaji, nitafute.